Ganda Lililobaki Kwenye Kiinitete

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi, waheshimiwa wajumbe wa bodi, ndugu zangu wa maabara, mume wangu na wanangu mliojibana pale nyuma: nawasalimu nyote.

Nimeambiwa niseme maneno mawili matatu ya kuaga, baada ya miaka thelathini na mmoja. Nimeambiwa pia nisichafue hali ya hewa. La kwanza nitalitimiza.

Kazi yangu mnaijua. Nilifunga uzi kwenye kila ua tulilochavusha, siku ya sita nikapasua mbegu chini ya hadubini, nikatoa kiinitete, yule mtoto wa mmea aliyemo ndani, nikakiosha mara kumi. Kwa nini kumi, wanangu? Kwa sababu ganda la mbegu ni mwili wa mama. Mabaki yake yakinasa, zile RNA ndogo, molekuli zinazonyamazisha jeni, utasoma za mama ukidhani ni za mtoto.

Mwaka ule wa medali, Mkurugenzi alikuwa na haraka ya mkutano. Akasema, "Mama, osha mara moja tu, inatosha." Nikaosha mara moja. Mikono ni hii hii, siikani. Makala ikatoka ikidai RNA tulizozipata ni za kiinitete chenyewe, medali ikaja, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha akaja binti mwanafunzi, tukamwita Kibano kwa wepesi wa vidole vyake. Akarudia jaribio, akaosha mara kumi, na zile RNA za medali hazikuonekana! Akakupelekea majibu, Mheshimiwa. Ukamwambia nini? "Huna mikono ya maabara." Ukamfukuza masomoni. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya sampuli, nikafyata mkia. Niliogopa kupoteza kazi. Naona aibu, jamani, aibu kweli.

Leo Kibano anauza vifuniko vya simu, nanyi mnanipa cheti cha uaminifu. Uaminifu gani?

Usiinuke, Mheshimiwa, namalizia. Asubuhi hii nimeikabidhi bodi daftari langu la maabara, lililoandikwa "mara moja", lenye tarehe na sahihi yangu. Waheshimiwa, mrudisheni yule binti masomoni.

Nilimpigia simu jana, nikamwambia alikuwa sahihi. Akauliza, "Mama, ulijua tangu lini?"

Nikamjibu, tangu siku ile ile, nikiwa mlangoni na trei.

Akakata simu. Sijui kama atarudi, na akirudi sijui kama atanisalimia.

Nawashukuru kwa kunivumilia.