Kapteni Feardorcha Ó Gadhra, Bwana wa Dún Fiacha, 1662–1721

Marehemu Kapteni Feardorcha Ó Gadhra alizaliwa Dún Fiacha, Connacht, tarehe 3 Machi 1662, kifungua mimba wa Bwana Tadhg na Bibi Sorcha. Kilatini alisomea zizini, kwa padri aliyekuwa akisakwa, maana shule zetu za Kikatoliki zilipigwa marufuku na Waingereza.

Aliulinda mji wa Limerick hadi uliposalimu amri kwa Waingereza tarehe 3 Oktoba 1691. Tuliahidiwa kwa maandishi kwamba wazee wetu watakaobaki hawataguswa. Marehemu akapanda meli huko Cork kwenda Ufaransa. Hata wino haujakauka, babaye akatolewa nyumbani mwake kwa mtutu wa bunduki. Waliotia saini wako hai, na wanakula wanashiba.

Alilitumikia jeshi la Ufaransa miaka kumi na minane. Mafuta ya mizeituni hakuyataka. Maziwa aliyatia katika kiriba, akakifunga kwenye tandiko, na farasi akamsukia siagi njia nzima. Askari walimtania, "Afande, leo vitani au sokoni?" Naye akawajibu, "Kwanza mkate, halafu Waingereza."

Tarehe 9 Mei 1697 alimwoa Isibéal, binti wa daktari wa kikosi.

Mwaka 1704 mdogo wake, Uilliam, aliandika: "Kaka, acha ukaidi. Nimeiacha dini, nimekula kiapo chao, nyumba nimerudishiwa. Njoo uape, tugawane." Marehemu aliniambia mimi, mpwa wake, niandike jibu: "Mwambie kwamba baba yetu alifia kibandani kwa kukataa kiapo hichohicho. Huko kugawana, atagawana na nani?"

Mwaka 1709 risasi ilimvunja paja. Kidonda hakikupona. Novemba iliyopita mamaye aliugua, naye akaomba ruhusa akamwone, mzee wa miaka hamsini na minane, anayetembelea mkongojo! Waingereza walimjibu kwa mstari mmoja: akikanyaga pwani, atanyongwa. Bibi Sorcha alizikwa Januari bila mwanawe. Homa ikampanda marehemu, akafariki hapa Cambrai tarehe 14 Februari 1721.

Ameacha mjane, Isibéal, mabinti wawili, Meadhbh na Onóra, nami, Donnchadh. Ameacha pia ndugu, Uilliam, aliyenitumia barua juzi: "Wasomee watu kwamba tulipatana." Hawakupatana. Ndivyo ninavyosoma, na ndivyo ilivyochapwa.

Mungu ampumzishe kwa amani ambayo wanadamu walimnyima.