Usichukue Upanga Tu

Benchi letu liko nje ya kinyozi, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja ni tofali. Ukikaa upande ule bila kuzoea, unamwagia mwenzako kahawa. Mimi ni fundi miavuli, na mvua imetususa, kwa hiyo kutwa nipo. Yupo Refa, aliyepuliza kipenga miaka mingi mpaka hata sukari anaiomba kwa kunyoosha mkono. Yupo Kamusi, msukuma mkokoteni, ambaye halipiti neno mbele yake asilisimamishe. Kahawa anatuuzia Birika. Basi juzi mchana, kahawa ya kwanza hata haijapoa, Kinyozi mwenyewe akatoka dukani, brashi ya povu mkono huu, simu mkono huu, uso umemshuka.

— Jamani, nichukue silaha gani?

Refa akasogea mpaka ukingoni mwa benchi.

— Umegombana na nani?

— Si mimi. Mchezo.

Hapo tukaelewa. Kinyozi na bintiye hawajasikiana sauti tangu binti alipohamia mbali kwa kazi ambayo baba hakuitaka. Siku ya kuondoka yalitoka maneno, na mate yakishatemwa hayamezwi tena. Kimya kikakaa. Halafu binti akamtumia mchezo kwenye simu, bila salamu wala maelezo. Tangu hapo, akitoka kazini wanaingia pamoja humo ndani: baba mtu mwenye joho, binti mtu mwenye kofia ya chuma, wanapiga mazimwi bega kwa bega. Hawaongei. Lakini Kinyozi siku hizi anaangalia saa kama mchumba, na mimi simcheki.

— Tumefika langoni, — akasema. — Mle ndani kuna zimwi limeshatupiga mara nyingi. Sasa kila mtu achague silaha moja, na ukishachagua hubadilishi. Upanga, mkuki, upinde, nyundo au fimbo ya kuponya. Na binti alishaandika, tukishindwa tena hapa, anaufuta mchezo wote.

Akaufuta, watakutania wapi? Hakulisema hilo, ila alikuwa ameisahau brashi mkononi, povu linamdondokea kiatuni.

— Nyundo, — akasema Refa. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ukuta utaujenga na nini?

— Upinde, — akasema Birika. — Fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Sasa si ndiyo maana upinde haufai?

— Nimesema fimbo. Mshale sikuutaja.

— Ngojeni, — Kinyozi akasema. — Binti ameniandikia humohumo ndani, kisha akatoka. Sasa hivi yuko kazini. Someni.

Tukaegemeana kuisoma, benchi likainama, kahawa yangu ikaenda. Ujumbe ulikuwa hivi: *Usichukue upanga tu*.

— Aa, kumbe rahisi, — akasema Refa. — Chochote chukua, ila upanga tu usiuguse. Kadi nyekundu.

Kamusi akainua kidole.

— Unalisoma kwa miguu. "Upanga tu" ni upanga peke yake. Mtu akikwambia usile wali tu, kakukataza wali? Anataka uongeze mboga. Kwa hiyo chukua upanga, na kitu cha kusindikiza.

— Silaha ni moja, Kamusi!

— Basi tafuta yenye upanga ndani yake. Mkuki ni nini? Ni upanga uliopandishwa mtini.

— Na fimbo je?

— Fimbo ni mkuki uliosamehewa.

Birika akaweka birika chini, jambo ambalo halifanyi mpaka hoja iwe nzito.

— Ninyi wote mmepotea. Anasema: hata upanga, kitu kidogo tu, usichukue, seuze nyundo! Mtoto anataka baba yake aingie mikono mitupu.

— Mbele ya zimwi?

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Na kinachobaki kinatosha kuzikwa?

Refa akasimama. Sasa alikuwa na nadharia nyingine, kwamba zimwi lenyewe ndilo limeandika ujumbe ule, maana adui ndiye mwenye faida baba akiacha upanga. Kamusi akasema zimwi haliwezi kutumia "tu" kwa ufasaha huo. Mimi nikatoa wazo la mwavuli, hakuna aliyenisikiliza. Kinyozi alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine, na kila alipogeuka alizidi kupotea. Kidole kilienda kwenye nyundo, kikarudi, kikaelea juu ya fimbo.

Ndipo mlango wa duka ukafunguka. Akatokea mteja ambaye hatujapata kumwona, kitambaa shingoni, shavu moja limenyolewa, la pili limejaa povu lililoanza kukauka. Tulikuwa tumemsahau kabisa.

— Samahani, wakubwa. Nimesikia yote. Kwani kwa nini usimpigie simu ukamuuliza?

Refa akaketi. Birika akainamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka machicha.

— Nikimpigia, — akasema Kinyozi, — naanza na nini?

Tukamgeukia mteja.

— Anza na upanga, — akasema mteja.

Kinyozi akabonyeza. Kwa povu lililokuwa vidoleni akagusa na spika, kwa hiyo tulisikia wote simu ikiita, ikiita, halafu ikapokewa.

— Baba? Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa, mwanangu. Umeniandikia nisichukue upanga tu. Hiyo "tu" ni ipi?

Binti akacheka, kicheko cha pua, kilekile cha babake.

— Haikuwa "tu", baba. Nilikuwa naandika "tunao". Bosi akapita, nikatuma hivyohivyo. Usichukue upanga, tunao. Mimi ndiye niliyenao.

— Tunao, — akasema Kinyozi.

— Tunao, baba.

Akatugeuzia mgongo, akawa anaangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na Refa akaanza kuchunguza tofali la benchi kwa makini sana. Mteja akajifuta povu mwenyewe kwa kitambaa, akaketi palipoinama.

— Sasa mimi nichukue nini? — Kinyozi akauliza.

— Chochote, baba. Usikate simu tu.

Hiyo "tu", hata Kamusi hakuuliza ni ipi.