Mbuzi Niliyemficha Masieda

Siku nilipotoa maneno haya tulikuwa kwenye godauni la kikundi chetu, Basotu. Alikuwepo Mama Tluway, mwenyekiti, ambaye mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Alikuwepo Zuhura, mjane muuza samaki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mjukuu wake Idi mgongoni. Alikuwepo Paskalina, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeolewa Masieda. Bwana mifugo, mtu wa Bukoba, alisimama mlangoni. Na walikuwepo akina mama wageni kutoka Nambis, waliokuja kuona kama mradi wa mbuzi ni wa kweli. Hao ndio walionifanya nisimame kusema. Walikuwa wanatazama fomu ya mradi kama mtu anavyotazama nyoka.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikuamini. Hata leo siamini haraka. Mume wangu alifariki, ukame ukamaliza ng'ombe, ziwa likarudi nyuma, samaki wakawa wa kidole. Nikabaki na wajukuu watatu na uji wa chumvi. Ndipo likaja gari la mradi. Wakasema: chukua mbuzi jike wa maziwa, mwenye mimba, bure. Mtoto jike wa kwanza mpe mwenzako anayefuata. Weka dole gumba hapa. Simama tukupige picha.

Bure! Nani amewahi kukupa mbuzi bure? Nilipokuwa msichana walikuja watu na kamba, wakasema wanapima tu. Tulipomaliza kushangaa, malisho yetu yamekuwa ngano. Nikaweka dole, ndiyo, njaa ilinisukuma mkono. Lakini moyoni nikasema, huyu ni chambo. Kwetu mnajua, mnyama wa mtu ukimtunza, siku moja mwenyewe anakuja kumchukua pamoja na watoto wake. Mwenyewe wa huyu simjui. Akija, ataishia kwa mbuzi au ataingia na shambani?

Basi nikafanya kama wazee wetu. Mifugo hailazwi boma moja. Unapeleka mwingine kwa ndugu wa mbali. Na mnyama wa amana akiliwa na fisi, hudaiwi. Nikampakia kwenye lori la vitunguu saumu, akaenda kwa Paskalina.

Bwana mifugo akaja kukagua. "Shikamoo bibi. Mbuzi yuko wapi?"

"Marahaba. Kaliwa na fisi."

"Ngozi yake?"

"Kala."

"Na hereni ya namba ya sikioni?"

"Mwanangu, labda fisi wa kwenu wana adabu. Wa kwetu wanakula hata kamba."

Akaandika. Sijui aliandika nini. Sipendi mtu anayeandika huku kanyamaza.

Aliyekuwa anafuata baada yangu ni Zuhura. Binti yake alifariki akimwacha Idi ananyonya. Nikangoja aje kunitukana. Akaja na Mama Tluway, kabeba perege wakavu kwenye kanga, mkono wa pole.

"Pole, dada," akasema. "Mbuzi wa Mama Tluway amezaa jike. Tumekubaliana uchukue wewe badala yangu, mimi nitasubiri tena."

Nikamtazama. "Unataka nini kwangu?"

Akacheka. "Nataka unyamaze upokee. Una nini cha kuibiwa, wewe?"

Idi alikuwa mgongoni, ananyonya pindo la kanga.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhikwa. Tangu gari lile lije nilikuwa namtafuta mwizi. Sasa mtoto anayekosa maziwa namjua jina, na anayemnyima namjua pia. Yule mtoto wa mbuzi wa Mama Tluway sikumpokea. Asubuhi yake nikasafiri kwenda Masieda.

Paskalina akanitolea mbuzi na mtoto wake jike. Nikamshika mbuzi sikio, nikatazama hereni kama namba ni ile ile.

"Dada, hata mimi?" akanuna.

"Hata wewe," nikamwambia.

Nikarudi nao wote wawili mpaka mbele ya mkutano. Nikasema, "Fisi ni mimi." Zuhura akainuka, akakunja goti: "Shikamoo, fisi!" Godauni lote likalia kwa kicheko. Mama Tluway hakucheka. Alisema mtoto wa mbuzi wangu aende kwa Zuhura saa ile ile, wa mbuzi wake aende kwa mwingine anayefuata, na mimi nimkamulie Idi kikombe kila asubuhi mpaka mbuzi wao atakapotoa maziwa. Nimefanya hivyo.

Nawashukuru hawa niliowataja, na bwana mifugo aliyekata kwa mstari alichoandika. Mama zangu wa Nambis, shukuni, nani kawakataza? Lakini ulizeni kwa mdomo, mwenye fomu akiwepo. Dole linafunga nini? Picha inakwenda wapi? Mimi nilishuku kimyakimya, mtoto akakonda.

Mnaosoma, kama kuna niliyemsahau, au nimekosea undugu wa mtu, niambieni nirekebishe. Paskalina anasema mtoto wa mbuzi alikuwa na miezi minne nilipomfuata. Mimi nakumbuka miwili. Nirekebisheni hapo hasa, maana miezi yote hiyo Idi alikuwa anakunywa chai ya rangi.