Mvua Niliyoomba Isinyeshe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, wale wa nyuma niwasikie! Mimi ni Mama Nafula wa mtaa wa Baba Dogo, nimeokoka, na leo nimekuja kushukuru kwa sababu ya paa.

Nyumba yetu ni vyumba viwili alivyotuachia marehemu baba mkwe. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, na masika yakifika tulihamisha kitanda kutoka kona hii hadi ile. Mume wangu ni kibarua kiwandani. Kibarua, ndugu zangu, benki humsalimia tu! Basi tukampata mkopeshaji wa mtaani aliyekubali kutupa pesa za mabati, mradi tuweke rehani karatasi za ploti. Tukapatana tutie sahihi Jumatatu. Niliogopa sana, maana nimeona jirani akifungasha virago kwa mkopo kama huo.

Mtauliza, na chama cha akina mama je? Chama chetu hakimpi mtu pesa mkononi. Zamu yako ikifika unasema unachohitaji, wenzako wanakununulia. Zamu yangu ilipofika, mimi ambaye sufuria zangu zote zilikuwa zikikinga maji, nilisema nahitaji vikombe vya wageni. Vyenye maua! Niliona haya kutaja paa mbele ya watu.

Jumamosi kabla ya kutia sahihi, chama kilikuwa kinakuja kwangu. Nikafunga tangu asubuhi, nikimsihi Bwana azuie mvua mpaka wageni waondoke. Niliomba kwa imani, niliomba kwa machozi. Ndugu zangu, chai ilipomiminwa tu, mvua ikashuka! Tone la kwanza likaingia kwenye kikombe cha mwenyekiti wetu, Mama Wekesa. La pili likampata kwenye kilemba. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kulia, na katika kulia nikasema yote: mabati, mkopeshaji na Jumatatu.

Mama Wekesa akaweka kikombe chini. Zamu iliyofuata ilikuwa yake, na sote tulijua amengojea friji ya kuuzia maziwa kwa muda mrefu.

"Friji yangu itangoja, Mama Nafula," akasema. "Haya maji hayangoji."

Wengine wakaongeza walichoweza, wakaiacha chai yangu ikipoa. Jumatatu hatukwenda kwa mkopeshaji, tulikwenda kununua mabati. Baba Nafula na vijana wa kanisa wakaezeka, nami nikawapikia ugali na mboga za kienyeji. Sakafu tutaitengeneza polepole, vibarua vikipatikana. Karatasi za ploti ziko sandukuni, kitanda kina mahali pake, na zamu yangu ijayo nimeshasema ninachohitaji: friji ya Mama Wekesa.

Namshukuru Mungu aliyenikatalia. Angezuia ile mvua, leo ningekuwa mpangaji. Kama yuko mtu hapa anayejibu "niko sawa" huku kwake kunavuja, mwamini Bwana, umfungulie mwenzako mlango aone.

Mama Wekesa, kikombe chako kipo, kile chenye maua. Karibu chai, na mvua inyeshe!