Wiki ya Nne Haina Mpinzani

Benchi la kijiwe cha wazee lilikuwa kiti cha nyuma cha basi la shule lililokwisha kufa, kimefungwa kwa boliti ukutani mwa kituo cha mafuta cha Bi Opal, mkabala na uwanja wa mpira wa Kessler Gap. Mpira wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, si ule wa kupiga mateke. Magharibi ya Texas ukisema mpira huulizwi ni upi. Ilikuwa Februari, saa mbili asubuhi, upepo unamwaga mchanga ndani ya vikombe, na wenye kijiwe wanaufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja, wanapiga funda, wanafunika tena. Waliokaa walikuwa wawili. Chuy Almaraz, dereva wa basi la shule, walimwita Dizeli. Wendell Pruitt wa kanisa la Wabaptisti walimwita Shemasi, na methali mkononi mwake zilikuwa kama chumvi mkononi mwa mpishi kipofu. Wa tatu hakukaa. Huyo ni Royce Tackett, aliyeshika mnyororo wa kupimia hatua pembeni mwa uwanja kwa miaka thelathini na moja, ndiyo maana wakamwita Mnyororo. Alikuwa anatembea kutoka pampu ya kwanza hadi ya pili na kurudi, macho yakiwa ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la ofisi ya kocha.

— Tulia basi, Mnyororo, akasema Dizeli. Unatutia kizunguzungu.

— Yuko kwenye simu tangu nimefika. Anasema, anatikisa kichwa, anakata. Anapiga nyingine.

— Si anatafuta mpinzani? Mtaka cha uvunguni sharti ainame, akasema Shemasi. Ndiyo maana mimi siinami. Sitaki chochote cha mtu.

Royce hakucheka. Ratiba ya msimu ilikuwa imebandikwa jana kwenye mlango wa Bi Opal, mechi kumi kwa mstari, na katikati yake palikuwa na pengo. Wiki ya nne, Ijumaa, Septemba kumi na nane: tupu. Sandy Fork waliokuwa wamekubali walijitoa, maana wachezaji wamewabakia tisa, na mpira huu unataka kumi na mmoja.

Kwa mwingine pengo ni pengo. Kwa Royce lilikuwa aibu yenye anwani kumi na tisa. Darasa lake linatimiza miaka hamsini tangu limalize shule, na tangu enzi za babu yake wiki ya nne ndiyo Ijumaa ya Kurudi Nyumbani, siku wahitimu wa zamani wanaitwa katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, jina kwa jina. Kwa hiyo mwezi Januari, kabla ratiba haijatoka, akakaa mezani akaandika barua kumi na tisa kwa mkono wake: njooni tarehe kumi na nane. Lupe Sandoval ameshakata tiketi kutoka Alaska. Gary Don, aliyekuwa mrushaji mpira wa timu yao, anayeishi kwa mashine ya figo mara tatu kwa wiki, amehangaika mwezi mzima mpaka akapata kitanda cha hospitali ya karibu na hapa kwa wiki hiyo. Wiki hiyo tu.

— Wewe nawe, akasema Dizeli. Nani anaalika watu kabla ya ratiba? Hata binti yangu hakupanga harusi mpaka ratiba itoke.

— Wiki ya nne ni wiki ya nne! Sikujua kama dunia imegeuzwa.

— Imegeuzwa na wale wa Austin. Yule bwana wa ofisi ya ligi nasikia anaweka kikombe cha bia juu ya ramani, anachora duara. Mliomo ndani ya duara mnacheza pamoja. Akilewa kikombe kinateleza, na mimi naendesha basi saa nne kwenda tu.

— Chai hiyo, Dizeli, uongo mtupu, akasema Royce. Kila baada ya miaka miwili ofisi inagawa shule upya kwenye makundi. Mechi tano za kundi mnapewa. Tano zilizobaki kila kocha anajitafutia kwa simu, kama kijana anayetafuta mchumba. Basi. Hakuna kikombe, hakuna bia.

Wenzake wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyesema mvua inatoka mawinguni.

— Ingekuwa rahisi hivyo, akasema Shemasi, mbona wanaficha? Mficha uchi hazai, ndiyo maana hatuna mpinzani. Sikilizeni. Ratiba inapangwa na waamuzi. Waamuzi wamekwisha nchi hii, vijana hawataki kutukanwa kwa hiari. Upande wetu wamebaki watano, na mkubwa wao ana nyonga mbovu. Ikikaza kwa baridi, hawezi kukimbia kwenye uwanja wa mteremko. Tazameni ratiba: mechi za mteremko zote ziko Agosti na mapema Septemba, kabla ya baridi. Hiyo si ratiba ya mpira, ndugu zangu. Ni ratiba ya nyonga ya mtu mmoja.

— Nyonga! Dizeli akapiga paja. Nyonga inajua nini? Ni kulungu, Shemasi. Wikiendi ya kufungua uwindaji wa kulungu, sisi tuko wapi? Mbali. Kila mwaka. Wanatutoa mjini ili wakubwa wawinde porini kwetu kwa raha zao.

— Na wiki ya nne? akauliza Shemasi.

— Septemba wanafungua njiwa.

— Njiwa wanafunguliwa tarehe mosi!

— Sasa tarehe kumi na nane si ndiyo wamenona?

— Nyamazeni! Royce akafoka, kahawa ikamrukia mkononi. Gary Don atashushwa kwenye gari pale, na mto mgongoni, mbele ya uwanja wenye giza, na mimi nimwambie nini? Kwamba njiwa wamenona?

Upepo ukagonga kibao cha bei ya mafuta.

— Pole, kaka, akasema Dizeli. Lakini kocha amejaribu. Jana kafika mpaka Oklahoma kwa simu.

— Kajaribu vibaya. Kizazi hiki hakijui kuomba.

Mlango wa ofisi ng'ambo ya barabara ukafunguliwa. Hakutoka kocha, alitoka mkewe Janelle, mwalimu wa hesabu, koti limefungwa hadi kidevuni. Akavuka moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Miaka miwili yupo mjini na hakuwahi kusimama pale. Hununua kahawa yake ndani akaondoka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Shemasi, akisogea. Kiuno kinaniuma tangu juzi, shemeji, labda leo kitapona.

— Sikai, Mzee Pruitt. Shikamooni wote. Nina swali moja tu, halafu nirudi darasani.

— Marahaba. Uliza mama, hapa kila kitu kinajulikana, akasema Dizeli.

— Vesper wana pengo wiki ya nne.

Vesper ni maili kumi na moja, ng'ambo ya mto mkavu. Ukipanda jukwaani Kessler Gap Ijumaa, taa za uwanja wao unaziona.

— Kocha wao amepiga simu Jumatatu, akaendelea Janelle. Jana amepiga tena. Watakuja hapa kwetu, hawana neno. Anataka jibu leo kabla ya saa sita, la sivyo anachukua timu ya New Mexico. Mume wangu anasema hawezi. Siku ya kwanza tuliyofika mji huu alisimama kwenye benchi hili kusalimia, akaambiwa acheze na yeyote duniani isipokuwa Vesper. Ameandika kwenye daftari lake, ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo nauliza. Kwa nini?

— Ah, hilo! akasema Dizeli. Hilo jepesi. Walituibia mbuzi. Yule mbuzi wa timu, aliyekuwa anavalishwa fulana.

— Mbuzi alikuwa wao, akasema Shemasi taratibu. Sisi ndio tuliiba.

— Basi wangenuna wao.

— Walinuna.

— Sasa sisi tumenuna kwa nini?

Shemasi akatafuta methali, akaishia kufunika kikombe chake kwa kiganja.

Janelle akageuza uso kwa Royce. Royce aliijua siku ile aliyoisema yule mama. Aliukumbuka mkono wa yule kocha kijana ndani ya mkono wake, na jinsi alivyokataa kuuachia mpaka amalize: “Kocha, poteza mechi zote kumi, hatukufukuzi. Lakini Vesper, hapana.” Alijisikia mwanamume siku ile. Kauli moja, imenyooka, haina kona.

Sasa akaitafuta sababu kumbukumbuni. Akamkuta baba yake ndani ya gari la mizigo, wanapita Vesper, baba anapandisha kioo. Hata Agosti, joto la kukaanga yai, kioo kinapanda mpaka nyumba ya mwisho ya Vesper ipite. Baba hakusema kwa nini. Naye hakuuliza. Alipokuwa na gari lake mwenyewe alipandisha kioo.

— Mzee Tackett? akasema Janelle.

— Sijui, akasema Royce.

— Samahani?

— Nimesema sijui, mama! Unataka niimbe?

Akaweka kikombe juu ya pampu.

— Royce, akasema Shemasi. Umesema maneno yale mbele yetu. Wewe si ndiye huwa unasema huna kauli mbili?

— Ndiyo. Na nilimkataza mtu jambo nisilolijua. Hiyo nayo ni kauli gani?

— Mji utasemaje?

— Mji ndio nyie wawili. Semeni.

Royce akavuka barabara, mikono mfukoni, kofia ameinamisha dhidi ya vumbi. Janelle alimfuata nyuma kwa hatua chache, hakutaka kuonekana kama anamswaga.

Kocha Ware alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne, mabega ya simba, lakini alipomwona mzee mlangoni akasimama kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa. Mezani palikuwa na daftari, na orodha ya shule kama arobaini zimekatwa kwa wino mwekundu.

— Mpigie Vesper, akasema Royce.

— Mzee, mlisema...

— Mimi nilisema. Usiwatie wenzangu. Mpigie.

Kocha akachukua simu, asibonyeze.

— Na wakiniuliza kwa nini miaka yote hii tulikataa?

— Waambie hatujui.

— Na kama wao wanajua?

Royce akatazama dirishani. Kule ng'ambo wenzake wawili walikuwa wamesimama kutoka kwenye benchi, viganja juu ya vikombe, wanachungulia. Akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakaa.

— Basi nipe simu niongee nao mimi, akasema. Niombe radhi kwa jambo ninalolijua: kwamba aliyekataza ni mimi.

Kocha akabonyeza namba. Kule Vesper simu haikumaliza mlio wa kwanza, ikapokewa.