Mawe Yaliyogeuzwa Yatazame Barabara: Tunamkumbuka Albina Zelenka

Wasikilizaji wapendwa, fungeni bomba la sinki, zimeni na hiyo mashine ya kukaushia nguo. Leo namkumbuka mtu ambaye hakuniamini hata mimi. Namkumbuka Albina Zelenka, wa hapa hapa Orlin, Nebraska. Alifariki Februari, akiwa na miaka themanini na tisa. Mpaka leo hajazikwa. Narudia kwa waliochelewa: Albina alifariki Februari, na mpaka leo hajazikwa. Tutafika huko.

Wengi mlimjua dukani kwake, pale karibu na reli. Alikuwa akipima nyama huku akikutazama wewe, wala si mzani. Ukimsifia nguo, atakuuliza umevunja nini. Mpwa wake, Dorene, ameniambia juzi: "Shangazi alimshuku hata mtangaza hali ya hewa. Akisikia kutakuwa na jua, anaanua nguo."

Mmecheka. Nawajua, mmecheka sana.

Kila mwisho wa Mei Albina alikuwa na safari yake. Siku nzima kwenye gari, katikati ya nyasi na mahindi, kituo baada ya kituo, kote walikokaa walowezi wetu wa kwanza waliotoka Bohemia, kule Ulaya. Kituo cha mwisho ni makaburi ya Kilima cha Vesely. Pale alipeleka maua ya pioni kwenye makopo ya kahawa yaliyovikwa karatasi ya kung'aa, kama mnavyopeleka nyote kwa watu wenu. Pale amelala mdogo wake, Libuse, aliyekufa kwa dondakoo akiwa na miaka minne. Na pale Albina alimwahidi mama yake jambo moja: siku yangu ikifika, nitalala kando ya mtoto, asibaki peke yake. Hilo ndilo alilotaka duniani. Kulala kando ya Libuse.

Mei iliyopita nilikuwa ndani ya gari hilo. Dorene anaendesha, Albina yuko mbele, mimi nyuma na kopo la pioni katikati ya magoti, sisimizi wa maua wakinipanda mikononi.

"Kijana, usinimwagie maji," aliniambia. Kijana mwenyewe nina miaka sitini na mbili.

Tulianzia kwenye ile nyumba ya walowezi, iliyojengwa kwa mabonge ya udongo na mizizi ya nyasi. Siku hizi wameweka ndani sanamu ya mwanamke aliyevaa aproni nyeupe, anatabasamu mbele ya jiko. Albina alimkagua toka juu mpaka chini.

"Huyu hajawahi kuwasha moto wa mavi makavu ya ng'ombe," alisema. "Tazama kucha. Na anamchekea nani? Bibi yangu alikaa miaka sita kwenye nyumba kama hii, nyoka wakimdondokea kutoka darini. Hakumchekea mtu." Kisha akaongeza, taratibu: "Wapawnee waliokuwa hapa kabla yetu hawakuwekewa hata sanamu."

Mlangoni tulimkuta diwani wetu, Gaylen Pruitt, na sinia la kolachi, vile vikate vyetu vitamu vya mbegu za popi. Za bure. Anatukumbatia, anatuvutia viti.

"Kaeni, kaeni! Bi Albina, leo pumzika hapa. Huko Vesely barabara ni tope tupu, gari litakwama."

"Tope la nini?" Albina aliuliza. "Mvua imenyesha lini?"

"Kule... kule huwa inanyesha kivyake."

"Gaylen, wewe tangu lini unagawa kolachi wakati si mwaka wa uchaguzi?"

Diwani akacheka. Albina hakucheka. Alichukua kolachi mbili, akazifunga kwenye leso, akasema twende.

Wasikilizaji, barabara ilikuwa kavu. Vumbi lilitufuata kama mkia. Karibu na Vesely pikapu nyeupe ikaja mbele yetu. Dorene akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu yetu sote njiani. Yule dereva hakuinua chake. Alikuwa Rodney Haverkamp, mwenye shamba linaloyazunguka makaburi yale.

"Rodney ameninyima salamu," Albina alisema. "Rodney! Niliyemuuzia peremende tangu hana meno."

"Labda hajatuona, shangazi."

"Ametuona. Ndiyo maana."

Tulipofika kwenye barabara kuu, chini ya kilima, Dorene alifunga breki. Palikuwa na uwanja mdogo mpya wa changarawe. Benchi. Bango kubwa la shaba: Kumbukumbu ya Walowezi wa Vesely. Na chini ya bango, mawe yote ya makaburi, yamesuguliwa, yamepangwa mstari mmoja kama meno ya bandia. Jiwe la Libuse lilikuwa la tatu.

Mimi niliona pamependeza. Dorene alisema, "Jamani, wamewahamisha wakawatunza." Albina alishuka, akasimama mbele ya jiwe la mdogo wake. Akainua uso kutafuta jua lilipo. Akatazama jiwe tena.

Gari la diwani likafika nyuma yetu. Ametufuata. Kumbe tope halikumkwamisha yeye.

"Nilitaka iwe zawadi," alisema. "Tutazindua wiki ijayo."

"Gaylen," Albina alimwambia, "mama yako amelala anatazama wapi?"

"Mashariki, Bi Albina. Kama watu wote."

"Na hawa?"

Hapo ndipo nami nikaona. Sisi sote tunajua, tangu utotoni, kwamba watu wetu wanalazwa kuelekea mashariki, siku ya mwisho waamke wakilitazama jua. Mawe yale yote yalikuwa yametazama kaskazini. Yametazama barabara.

Gaylen alipangusa shingo. "Hiyo ni kwa ajili ya wasafiri. Wasome bila kushuka kwenye gari."

"Kwa hiyo mmewageuza wafu, wamlalie Mungu ubavu, ili mtu asome huku anakula chipsi?"

"Hapana! Hatukumgeuza mtu yeyote. Hatukumgusa mtu!"

Hawakumgusa mtu. Wasikilizaji, sikilizeni vizuri: walihamisha mawe. Watu hawakuwahamisha.

Tulikwenda juu kilimani. Mnaujua mtambo wa kumwagilia wa Haverkamp, ule mrefu unaozunguka shamba kwa magurudumu. Miaka yote ulikuwa ukifika kwenye uzio wa makaburi, unasimama, unarudi nyuma. Uzio haukuwepo tena. Njia za magurudumu zilipita moja kwa moja juu ya kilima, duara kamili, na mahindi yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Alitaka duara lake litimie. Limetimia juu ya mtoto wa miaka minne.

Albina alitembea kati ya mistari ya mahindi, mkono wake kwenye bega la Dorene. Akasimama mahali pasipo na alama yoyote. "Hapa," alisema. Nikaweka kopo. Akatoa zile kolachi, akatugawia. "Kuleni. Hizi si za bure, tumezilipia."

Tangu siku ile alihudhuria kila kikao cha wilaya. Walimwambia kumbukumbu imehifadhiwa. Walimwambia panapendeza. Uzinduzi ulifanyika, bendi ya shule ilipiga, nanyi mlijaa pale na viti vyenu vya kukunja. Kuna aliyesema mama huyu amezoea kushuku. Ndiyo, alizoea! Walimzoesha watu waliokuwa na cha kuficha. Tulimwita mgonjwa wa shuku kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kupanda kilima kutazama.

Februari moyo wake ukasimama. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, na familia haikutaka kaburi lichimbwe kwa mashine, kwa hiyo jeneza limekaa kwenye hifadhi ya kanisa likingoja udongo ulainike. Wilaya imejitolea kutoa nafasi chini ya bango, bure kabisa. Bure tena! Haverkamp anasema kwake hakuna makaburi, kuna mahindi tu.

Familia imekataa. Dorene amenieleza hivi, na ninamnukuu: "Tukimzika shangazi pale barabarani, tutakuwa tumekubali kwamba Libuse hayupo kilimani. Na wengine wote hawapo. Wanataka sisi ndio tuifunge hiyo hadithi kwa mkono wetu."

Kwa Dorene na ukoo wote wa Zelenka, tunatoa pole. Pole kwa msiba, na pole kwa kungoja. Na wewe unayenisikiliza, unayepita pale kila siku na kusoma bango kupitia dirisha, nakuomba leo usimamishe gari. Shuka. Jiulize ni nani aliye chini ya changarawe ile, na kama hakuna mtu, ni nani aliyekuambia yupo.

Udongo umelainika wiki hii. Mazishi ni Jumamosi asubuhi, kilimani Vesely, kabla mbegu hazijapandwa. Njooni na majembe yenu. Haverkamp ametuma ujumbe kwamba lango atalifunga kwa mnyororo. Nilimsomea Dorene ujumbe huo kwenye simu. Akasema: "Afunge. Tutakaa na jeneza langoni. Shangazi hana haraka. Mwenye haraka ya kupanda mahindi ni yeye."