Dada Yetu na Ukurasa Ambao Mwalimu Hakuusoma

Ndugu, majirani na marafiki, asanteni kwa kutusindikiza. Wasifu huu ninausoma mimi, mdogo wake wa kumfuata. Sehemu kubwa niliiandika marehemu akiwa bado hai, nikamsomea kitandani. Alifuta sentensi mbili za kumsifu. Mengine akasema yabaki kama yalivyo, hata kama yatamchoma mtu.

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Agosti 1967, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba, fundi viatu. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne. Mama alifua mashuka ya wagonjwa hospitalini kwa miaka ishirini na sita. Kabla hajajua kusoma, marehemu alivipanga viatu vya wateja sakafuni akavifanya darasa. Raba zilikuwa wanafunzi, na kiatu kimoja cha kike chenye kisigino kirefu kilikuwa mwalimu. Siku mwenye kiatu alipokuja kukichukua, dada alikikumbatia akasema, "Subiri, mwalimu hajamaliza kipindi." Baba alicheka hadi akajidunga sindano kidoleni.

Mwaka 1981 alijiunga na shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Huko ndiko alikoanza kuandika filamu, ingawa kamera alikuwa hajaiona kwa macho. Aliziandika kwenye daftari, tukio kwa tukio, kuhusu wasichana wa bweni lake: nani kagombana na nani, nani analia chooni, nani kavunja ungo na hana wa kumwambia. Wenzake walipanga foleni kulisoma.

Mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi walimwita Filimbi, alilikamata daftari hilo. Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba 1984 ilikuwa siku ya wazazi. Mbele ya shule nzima, wazazi wakiwa wameketi kwenye mabenchi, Filimbi alilifungua akasoma kwa sauti: "Mama akija kunitembelea huwa naomba mvua inyeshe, watu wakimbilie ndani, nisionekane naye. Mikono yake inanuka dawa ya mashuka ya wagonjwa." Wasichana wakacheka, na baadhi ya wazazi pia. Mama yetu alikuwa benchi la pili. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nina miaka kumi na minne, nikamwona akiifunika mikono yake kwa mtandio, polepole, kama anayeficha kitu cha wizi.

Ukurasa uliofuata ulisema kwamba msichana yule aliinama mbele ya watu wote akaibusu mikono ile. Filimbi hakuufungua. Jumatatu marehemu alifukuzwa shule, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, na baba alipokwenda kumchukua alikabidhiwa daftari likiwa limeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: "Aibu!" Dada alijaribu kumwonyesha mama ukurasa ule. Mama alimwambia, "Yaliyosemwa yamesemwa, mwanangu. Kula chakula kinapoa." Hakulizungumzia tena hadi alipofariki mwaka 1991, na tangu siku ile hakuwahi kukaa mbele za watu bila kuificha mikono yake.

Marehemu alifanya mtihani mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Aliuza tiketi kwenye ukumbi wa sinema, akatunza kanda katika kituo cha televisheni, akajifunza kuhariri picha kwa kuchungulia mabegani mwa wenye kazi yao, mpaka akawa mwongozaji. Mafundi wake walimwita Mama Kata, kwa jinsi alivyopaza "Kata!" kila alipotaka kamera isimame. Aliongoza filamu tatu, zote kuhusu wasichana wa sekondari. Wajuaji walimuuliza ataacha lini habari za watoto. Aliwajibu, "Mtu hakui kidogo kidogo. Anakua siku moja, shuleni, mbele ya watu. Baada ya hapo anaongezeka umri tu."

Tarehe 6 Mei 1995 alifunga ndoa na fundi sauti wake, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume. Shemeji husema kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumkatalia mkewe neno ila mara moja tu, na siku hiyo hakusikilizwa.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Julai 2009, walipokuwa wakipiga filamu ya tatu katika uwanja uleule wa shule ileile. Miezi miwili kabla yake, marehemu alikwenda kumtafuta Filimbi, wakati huo akiwa amestaafu, akamwomba aigize nafasi ya mwalimu. Filimbi alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amesahau kila kitu. Aliwatangazia mafundi, "Huyu nimemlea mimi kwa mikono yangu!" Aliambiwa kwamba maneno ya kusoma atayapata siku yenyewe, ili ayasome kama anayeyaona mara ya kwanza.

Wasichana mia mbili walipangwa uwanjani. Filimbi akapewa daftari, akaanza kwa madaha. Kwenye mstari wa tatu aliyaona maandishi yake mekundu, akaacha kusoma. Alipoinua macho alimwona marehemu amekaa benchi la pili, amejifunga mtandio wa mama.

"Hili... hili si ni lile..."

"Soma, mwalimu. Kamera inakwenda."

Akasoma. Alipofika chini, marehemu akamwambia, "Fungua unaofuata. Mara ile hukumaliza." Filimbi akaufungua, akausoma ukurasa wa mikono iliyobusiwa, kisha akalia na kusema, "Nisamehe, mwanangu."

"Kata," akasema dada. "Tunarudia."

Alimrudisha mara tano. Mara ya nne shemeji alivua vifaa vya masikioni akamwendea. "Mama watoto, inatosha. Ni mtu mzima."

"Mama naye alikuwa mtu mzima. Rudi kwenye sauti yako."

Filamu ilipotoka, ukurasa wa pili haukuwemo, wala ule msamaha. Mwalimu anasoma, umati unacheka, mwanamke anaficha mikono, basi. Nilimuuliza kwa nini aliukata msamaha. Alisema, "Mama hakuupata. Nani mwingine aupate?" Filamu hiyo ilionyeshwa katika shule nyingi, na Filimbi akawa anajulikana kwa sura hadi sokoni. Kama dada alijuta, mimi hakuniambia, na mengine yote aliniambia mimi.

Februari 2023 madaktari walimgundua saratani ya ini. Aliuguzwa na mumewe na watoto wake kwa uvumilivu mkubwa. Mwezi uliopita Filimbi alifika wodini na matunda. Marehemu akamwambia, "Karibu, mwalimu. Kaa." Alikaa saa nzima. Alipoondoka, dada aliomba matunda yagawiwe wodi nzima, yeye hakugusa hata moja. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Kamati ilituletea ombi la mwalimu mstaafu aliyetaka kutoa salamu za rambirambi leo. Familia ilikaa, ikashauriana, ikakataa. Kusikiliza anakaribishwa, kama tulivyosikiliza sisi.

Marehemu ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, mkwe mmoja, mjukuu wa kike, kaka mmoja na wadogo wawili. Mungu ampe dada yetu pumziko na amani. Kusamehe tumeachiwa sisi, na hatujaamua.